Makali Huanza Kabla ya Kinoo

Ingia jikoni kwa mtu anayepika kila siku, shangazi yako au mama mkwe, umuulize kisu anachokipenda ni kipi. Mara nyingi hatakuonyesha kile kipya chenye mpini mwekundu wa plastiki. Atakutolea kisu kikuukuu, bapa lake limelika kwa kunolewa hadi limebaki upana wa kidole gumba, mpini umezungushiwa mpira wa baiskeli. Mpe nyanya iliyoiva sana. Kile kipya kitaibonyeza kwanza, maji yatamwagika, ndipo kikate. Kile kikuukuu kitapita tu.

Kisu cha namna hiyo cha shangazi yangu kilinishughulisha akili miaka mingi. Nilidhani siri yake ni chuma cha zamani, kwamba siku hizi hakuna tena wanaojua kazi. Nilipoanza kutengeneza visu mwenyewe nikakiomba, nikakipima. Juu kidogo ya makali, unene wake haukufika nusu milimita. Kile kipya kilizidi milimita moja mahali palepale. Basi, ilikuwa hiyo tu. Kunolewa kwa miaka mingi kulikuwa kumekikondesha kisu kile kikawa chembamba kiasi kwamba hata kikiwa kimeanza kuwa butu bado kinapenya.

Nakwambia hili mapema kwa sababu wengi wanaoingia kwenye kazi hii huamini kwamba ukali ni jambo la mwisho, la kinoo. Kinoo humalizia. Makali yenyewe huamuliwa na chuma ulichookota, moto uliokipasha, na uvumilivu wako wa kukipunguza kwa tupa. Nitakueleza jinsi ya kutengeneza kisu kimoja kidogo cha jikoni, nyuma ya nyumba, jioni na siku za mapumziko, bila karakana. Jipe wiki nne.

Tazama mkono kwanza

Kabla ya kutafuta chuma, kaa pembeni umtazame atakayekitumia kisu akiandaa mboga. Utagundua jambo ambalo watengenezaji wa visu vya dukani hawalijui: wengi wetu hatukatii juu ya ubao. Kitunguu hushikwa kiganjani, kisu kinashuka kikielekea kidole gumba, vipande vinadondokea moja kwa moja kwenye sufuria. Mchicha hukusanywa kuwa fungu mkononi, ukakatwa hivyohivyo. Kisu kirefu na kipana cha mpishi wa hotelini hakifai kwa kazi hiyo, kinachosha kifundo cha mkono na kinatisha.

Kwa hiyo kisu chako cha kwanza kiwe kifupi. Bapa la sentimita 10 au 11, upana sentimita 2.5, mgongo usiozidi milimita 2, na makali yaliyonyooka karibu urefu wote, yapande kidogo tu kwenye ncha. Mpini sentimita 11. Acha nafasi ya sentimita moja isiyo na makali kati ya mpini na bapa, kidole cha shahada kipate pa kukaa. Chora umbo hilo kwenye plaiwudi, likate, umpe mwenyewe ashike na kuigiza anakata. Akikuambia mpini mnene, unene huo uone sasa kwenye plaiwudi, usije kuuona baadaye kwenye mpingo.

Kuhusu msuka, yaani ile sehemu ya chuma inayoingia kwenye mpini: wahunzi wetu huufanya mwembamba kama msumari mkubwa, huupasha ukawa mwekundu na kuuchomeka ndani ya mti, ukajitengenezea tundu wenyewe. Ni njia nzuri na ya haraka, lakini inataka mkono uliozoea. Wewe anza na msuka mpana wenye umbo la mpini mzima, halafu mbao mbili zibanwe pande zote mbili. Ukikosea mbao, unazibandua na kurudia.

Chuma kinachokubali

Kisu changu cha kwanza kabisa nilikitoa kwenye nondo. Nilikipiga tupa jioni sita, nikakipasha, nikakizamisha kwenye mafuta, nikakinoa hadi kikanyoa nywele za mkono. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza. Siku ya pili jikoni, makali yalikuwa yamelala upande kama nyasi zilizopigwa na mvua. Nondo za ujenzi zimekusudiwa zipinde bila kukatika, na kaboni iliyomo ni ndogo, mara nyingi haifiki asilimia 0.3. Kaboni ndiyo inayokifanya chuma kiwe kigumu kinapopozwa ghafla. Kwa kisu unataka walau asilimia 0.5, na kati ya 0.7 na 1 ni bora zaidi. Wazee walikuwa na maneno yao kwa tofauti hii: chuma ni chuma, lakini chenye kushika makali ni pua, na ile pua bora ya kutengenezea panga za vitani waliiita feleji.

Utaipata wapi? Springi za magari ndizo zinazojulikana zaidi, zile pleti zilizopinda zinazopangwa moja juu ya nyingine chini ya pikapu na malori. Kwenye magari mengi ya Kijapani ni chuma kinachoitwa SUP9, chenye kaboni ya asilimia 0.52 hadi 0.60 na kromiamu kidogo, na hiyo kromiamu ndiyo inayokiruhusu kikazike ndani ya mafuta bila kuhitaji maji. Ni chuma kizuri sana. Tatizo ni unene: pleti ya milimita 7 huwezi kuifikisha milimita 2 kwa tupa, utaichukia kazi kabla hujaijua. Iache kwa kisu cha tatu au cha nne.

Kwa kisu cha kwanza tafuta chuma ambacho tayari ni chembamba. Panga la zamani lililokatika linafaa. Linalofaa zaidi ni msumeno wa mviringo uliochakaa, wa kupasulia mbao, kama ule wa mashine za dingdong za Mafinga na Njombe. Wauza vyuma chakavu huwa nao, na msumeno mmoja utakupa visu vingi. Jambo moja usilifanye: usinunue kipande cha reli mtaani, hata kama kila fundi anakusifia kwamba ni fuawe bora. Ni mali ya umma, na aliyekuuzia hatakuwepo siku utakapoulizwa. Ukihitaji pa kugongea, kichwa cha nyundo kubwa kilichozamishwa kwenye gogo kinatosha kabisa.

Usiamini maneno ya muuzaji kuhusu chuma, wala yangu. Kata kipande chenye urefu wa kidole, kipashe hadi sumaku iache kukishika, kizamishe kwenye mafuta ya kula, kisha kibane kwenye jiliwa, ukifunike kwa kitambaa kizito, vaa miwani ya kazi na ukigonge kwa nyundo. Kikikatika kama kioo, chuma ni kizuri. Kikipinda, kirudishe kwenye chakavu. Kabla hujatupa vipande vilivyovunjika, viangalie pale vilipokatika. Ukiona kijivu laini kama majivu, joto lako lilikuwa sawa. Ukiona chembe zinazong'aa kama sukari, ulikipasha kupita kiasi, na kisu chenye chembe hizo kitameguka makali. Jaribio hili linachukua nusu saa, na lingeniokolea jioni zangu sita.

Msumeno ni mgumu kukatwa ukiwa hivyo ulivyo. Kata kipande kikubwa kwa grainda, kisha kipashe kiwe chekundu na ukifukie kwenye majivu makavu hadi asubuhi. Kikipoa polepole hivyo, kinalainika na tupa inakikubali.

Nenda ukamwone mhunzi

Kama kuna mhunzi anayefanya kazi karibu nawe, mtembelee kabla hujawasha moto wako. Nairobi, Kamukunji, utawasikia kabla hujawaona. Kilimanjaro, upande wa Mamba karibu na Marangu, bado kuna familia zinazofua mikuki kwa mivukuto ya ngozi. Huku kwetu Upareni uhunzi ni jambo zito kuliko watu wanavyofikiri. Simulizi za Ugweno zinasema ukoo wa Washana, ukoo wa wahunzi, ndio uliotawala kabla ya kupinduliwa na Wasuya. Chuma chao kilitoka kwenye mchanga mweusi uliochotwa kwenye vijito, kikauzwa hadi kwa Wachagga na Wamasai. Na Buhaya, wazee waliokuwa wameiona kazi hiyo wakiwa vijana walijenga upya matanuri ya kuyeyushia mawe ya chuma mbele ya watafiti Peter Schmidt na Donald Avery, ambao mwaka 1978 waliandika habari zake kwenye jarida la Science na kueleza kwamba ufundi huo una umri wa miaka 1,500 hadi 2,000 mahali pale. Naandika haya kwa sababu nimechoka kumsikia kijana akisema ufundi wa visu ni wa Wajapani na Wajerumani. Ukipiga nyundo juu ya chuma chekundu Mwanga au Bukoba, uko nyumbani.

Kwa mhunzi usiende na maswali mengi. Nunua kisu kimoja, kaa kwenye jiwe, tazama rangi ya chuma anapokitoa motoni na rangi yake anapokirudisha. Hakigongi kikishafifia. Jicho lako likizoea rangi hizo mbili, umepata kitu ambacho maandishi hayakupi.

Tupa

Nunua tupa mbili nzuri, moja ya meno makubwa na moja ya meno madogo, na usizinunue za bei ya chini kabisa. Tupa mbovu hula mkono wako badala ya chuma. Grainda itakusaidia kukata umbo la nje, lakini kwenye kukondesha bapa itakudanganya: dakika moja ya kuzubaa inachimba shimo ambalo utalifukuza kwa siku mbili. Tupa huenda polepole kiasi cha kukupa muda wa kuona unachokosea.

Toboa matundu mawili au matatu ya misumari ya mpini sasa hivi, wakati chuma bado ni laini. Ukisahau, baada ya kukikaza drili itazunguka na kupiga kelele bila kuingia. Kisha paka wino wa maka peni kwenye ukingo utakaokuwa makali, na kwa ncha ya msumari uchore mistari miwili sambamba katikati ya unene, iachane kwa milimita moja. Mistari hiyo ndiyo mpaka wako. Unakondesha kila upande kutoka mgongoni hadi mstari wake, na unasimama hapo. Usifike kwenye makali membamba kabisa kabla ya moto. Ukingo mwembamba mno hujikunja na kupasuka unapozamishwa.

Bana kisu juu ya ubao kwa klampu mbili. Simama mguu mmoja mbele, kama mtu anayepiga randa. Tupa inakata ikisukumwa tu, hivyo isukume kwa uzito wa mwili na uinue kidogo unaporudi. Ukiiburuta kurudi nyuma unayavunja meno yake. Mara kwa mara ipake chaki ya shuleni, isizibwe na vumbi la chuma. Sikiliza. Inapokata vizuri inatoa sauti nzito ya kukwaruza, sawa na mtu anayekuna nazi. Ikianza kulia kwa sauti nyembamba, ama imeziba, ama umefika mahali ambapo chuma hakijalainika. Na tazama mikwaruzo inavyong'aa: pale ambapo mwanga unakatika ghafla pana mgongo uliouacha katikati ya bapa, na mgongo huo ndio utakaobonyeza nyanya ya mtu siku moja. Uondoe.

Kila baada ya dakika kumi geuza upande. Ukiumaliza upande mmoja kwanza, bapa hupata uzito upande mmoja na litajipinda motoni. Mwisho pitisha msasa namba 120 hadi mikwaruzo ya tupa iishe, halafu 240. Mikwaruzo iliyokatiza karibu na makali ni mahali pa kuanzia ufa, kwa hiyo usiwe na haraka hapa.

Dakika tatu za moto

Kazi yote ya wiki tatu inapita kwenye dakika hizi, na ndizo ninazozipenda kuliko zote.

Tanuri lako linaweza kuwa dramu ya breki ya lori iliyowekwa juu ya matofali, na bomba la chuma linaloingiza upepo kutoka chini. Upepo utoke kwenye feni ndogo au draya ya nywele. Bomba lisiwe limepakwa zinki, kama yale ya maji. Zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kubana kifua. Mkaa uwe wa mti mgumu, umevunjwavunjwa ukubwa wa yai. Fanya kazi nje, kamwe si ndani ya banda lililofungwa, maana hewa ya mkaa huua bila harufu. Vaa pamba, nguo za nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Weka ndoo ya mchanga karibu, na kifuniko cha chuma kinachoenea kwenye kopo la mafuta, kwa sababu mafuta yakishika moto huzimwa kwa kufunikwa. Maji yatayarusha usoni.

Mafuta ya alizeti lita mbili au tatu, kwenye kopo refu la chuma, yapashwe moto yafike joto la chai ya kunywa. Ya baridi ni mazito na hupoza chuma polepole. Oili chafu ya gari usiitumie, moshi wake ni sumu. Na maji usiyaguse. Niliwahi kuzamisha kisu cha springi kwenye ndoo ya maji kwa sababu nilikuwa nimemwona mzee mmoja akifanya hivyo na jembe. Nilisikia "tik", sauti ndogo kama ya kucha kwenye glasi. Nilikitoa kikiwa kizima, nikashukuru. Nilipokisugua msasa ndipo ukatokea ufa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye makali hadi katikati ya bapa. Jembe la mzee lilikuwa chuma laini, na maji yalilifaa. Changu hakikuwa hivyo.

Subiri saa kumi na mbili na nusu jioni, jua likiwa limezama lakini bado unaona unapokanyaga. Mchana rangi ya chuma hudanganya. Kinachoonekana chekundu kidogo juani, gizani ni cha njano tayari. Kwanza kipashe kisu kiwe chekundu, kitoe kipoe hewani hadi weusi urudi, ufanye hivyo mara tatu. Unakituliza, misukosuko ya tupa inatoka na chembe za ndani zinakuwa ndogo.

Sasa mara ya nne. Mgongo uelekee chini kwenye makaa, makali juu, na kisu kisikae kimetulia: kivute, kisukume, taratibu, ncha isije ikatangulia. Ncha ndiyo inayoungua kwanza. Rangi itatoka kwenye damu ya mzee kwenda nyekundu ya pilipili. Kigusishe kwenye sumaku ya spika mbovu uliyoitundika karibu. Kikivutwa, kirudishe. Karibu nyuzi 770 za Selsiasi sumaku huacha kukishika, na hapo ndipo uangalie kwa makini, kwa sababu kinachofuata hutokea upesi. Ndani ya wekundu utaona kivuli. Ni kama doa la giza linaloelea ndani ya chuma chenyewe. Kinaondoka kwenye makali, ambayo ni membamba na yametangulia kupata joto, kinapanda kuelekea mgongoni, kinasinyaa, kinakwisha. Hapo ndani chuma kinabadilika umbile lake, na mabadiliko hayo yanameza joto, ndiyo maana pametiwa giza. Kivuli kikiisha na bapa lote likawa rangi moja, hesabu hadi tano, ukitoe na ukitumbukize.

Kiingie wima, ncha ikitangulia, mara moja bila kusita. Kipandishe na ukishushe. Usikipeleke upande kwa upande, kitajipinda. Mafuta yatachemka na kutoa moshi, pengine na ulimi wa moto juu. Hesabu hadi kumi. Ukikitoa, tazama mgongo kwa jicho moja kama unavyotazama unyoofu wa ubao. Kikiwa kimepinda una sekunde chache tu, kikiwa bado kinafuka moshi, za kukibana kati ya mbao mbili bapa. Kikishapoa kabisa usijaribu kukinyoosha, kinavunjika.

Kikipoa, pitisha tupa ya zamani kwenye makali. Ikiteleza kama juu ya kioo, bila kuuma, umefaulu. Ikiuma, rudia, hakuna kilichoharibika.

Kisu hiki sasa ni kigumu kuliko unavyotaka. Kikianguka sakafuni kitakatika vipande viwili. Usiku huohuo, usingoje kesho, kipitishe msasa hadi king'ae na ukiweke kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili, kipoe, kisha saa mbili tena. Vipimajoto vya oveni nyingi husema uongo, lakini chuma kilichong'arishwa hakisemi: kitapata rangi ya majani makavu ya mpunga. Hiyo ndiyo rangi yako. Ikifika zambarau umelainisha kupita kiasi, na bluu ni ya springi.

Asiye na oveni achukue nondo nene, aipashe ikawa nyekundu, na kuulaza mgongo wa kisu juu yake. Rangi zitaanza mgongoni na kupanda kuelekea makali, njano ya kukolea ikisukumwa na kahawia, nyuma yake zambarau. Majani makavu yakigusa makali, kitumbukize kwenye maji. Wakati huu maji hayana madhara. Kisu cha namna hii kina mgongo laini na makali magumu, na mimi naona kinavumilia zaidi jikoni kwetu kuliko cha oveni.

Mpini na kinoo

Kwa mpini, nenda kwa wachonga vinyago. Pale Mwenge, Dar es Salaam, mabaki ya mpingo ambayo kwao ni kuni kwako ni mipini kumi. Ni mti mzito, unazama majini, na hauhitaji rangi wala vanishi. Lakini vumbi lake linawasha ngozi na kukera mapafu, kwa hiyo barakoa ni lazima, na sugua msasa ukiwa umeulowesha. Kama unataka kutuma kisu nje ya nchi, ujue kwamba tangu 2017 miti yote ya jamii ya mpingo imo kwenye orodha ya CITES, hivyo uliza ofisi za misitu kwanza. Mninga ni mwepesi zaidi na rahisi kuchonga. Pembe ya ng'ombe ni nzuri ila inanuka wakati wa kusugua, na majirani watakuja kuuliza.

Paka gundi ya epoksi, ile ya mirija miwili, pitisha misumari minene iliyokatwa vichwa kwenye matundu uliyotoboa, bana, acha hadi kesho yake. Kisha chonga polepole ukikishika kila baada ya muda mkononi, macho yakiwa yamefumbwa. Kona yoyote unayoihisi itakuwa lengelenge kwa mtu anayemenya ndizi za shughuli. Malizia kwa mafuta ya kupaka.

Kabla ya kinoo, rudi kwenye unene. Ile milimita moja uliyoiacha kwa ajili ya moto bado ipo. Ipunguze kwa msasa mgumu uliogandishwa kwenye kioo au ubao bapa, ukitia maji kila mara ili chuma kisipate moto wa kuondoa ugumu ulioupata, mpaka juu ya makali pafike karibu nusu milimita. Ni kazi ya jioni mbili au tatu, na ndiyo ambayo wengi huiruka. Unakumbuka kisu cha shangazi.

Kinoo chenyewe ni suala la dakika kumi. Kilowanishe, inua mgongo wa kisu kiasi cha nyuzi 15 hadi 20, sukuma upande mmoja hadi ukipapasa upande wa pili kwa kidole uhisi ukingo mdogo unaokwaruza. Geuza, fanya hivyohivyo, kisha punguza nguvu mara kwa mara hadi ukwaruzo huo uishe. Maliza kwenye mkanda wa ngozi, ukivuta mgongo ukitangulia. Kishike juu ya ukurasa wa gazeti. Kikishuka chenyewe bila kusikika kikichana, kipo tayari.

Kitengenezee ala ya ngozi au ya kartoni nzito hata kama kinaishi kwenye droo, na kisitoke nyumbani mfukoni mwako. Mwambie atakayekitumia kwamba si cha kuachwa kwenye beseni la maji usiku: kioshwe, kifutwe, kipakwe tone la mafuta ya kula. Ndizi mbichi na vitunguu vitakipa rangi ya kijivu yenye bluu ndani yake. Isisuguliwe na steelwire, inakilinda na kutu.

Ukimkabidhi, usiondoke jikoni. Mwombe akate kitunguu kimoja mbele yako, kiganjani kama alivyozoea, na utazame kidole chake cha shahada kinatua wapi. Kidole cha shangazi yangu nilikuwa nimekiandalia sentimita moja. Shangazi alikikunja na kukisogeza mbele, juu ya bapa, karibu kabisa na makali. Nilichukua penseli, nikaweka alama pale kidole kilipokaa.